Tangi la Mtu Mmoja

Marvel Tostrud alinijia nikiwa nakaanga mayai. Alisimama nje ya mlango wa trela yangu amevaa kofia ya marehemu mumewe, jua la Arizona likimchoma mgongoni, na hakunipa hata salamu.

"Bernie, ninunue tangi gani?"

"Hujambo na wewe," nikamjibu. "Nimeamka salama, asante. Utakula mayai?"

"Sili. Niambie habari za tangi."

Nikazima jiko. Namfahamu Marvel. Ni mwanamke wa Minnesota, mpole kupita kiasi, anaweza kushinda na kiu mchana kutwa asiombe maji kwa jirani. Akikujia na swali bila salamu, ujue yamemfika shingoni.

Hapa kwetu jangwani, nje kidogo ya Quartzsite, hakuna bomba la maji machafu. Unapewa ardhi, jua na anga, mengine utajijua mwenyewe. Kila trela ina tangi lake chini ya sakafu, na kila kitokacho tumboni mwa mtu kinakaa humo mpaka kipelekwe kwenye shimo la kumwagia, kule langoni. Kuna njia mbili. Ama unaifunga nyumba yako nzima kwenye pikapu na kuiburuta hadi shimoni, ama unanunua tangi la plastiki la buluu lenye magurudumu, unamwagia humo, unalifunga nyuma ya gari na kulikokota polepole kama unasindikiza jeneza. Mimi ni mtu wa njia ya pili. Orrin, mume wa Marvel, alikuwa wa njia ya kwanza, na ubishi ulikuwa umemkaa mifupani. Kila baada ya wiki mbili alikunja turubai, akafungia vyombo kabatini, akainua ngazi, akaiburuta trela mpaka shimoni, kisha akarudi kuisawazisha upya kwa pima-maji huku akitukana mawe. Mkewe hakuruhusiwa kugusa hata koki. Hiyo ilikuwa kazi ya mwanamume, na Marvel, Mungu amsamehe, alikubali.

Kisha mwezi Machi, msimu ulipokuwa unakwisha, moyo wa Orrin ulisimama. Watu waliambiwa alifia kitandani. Ukweli ni kwamba alifia chooni, mle ndani ya trela, na hilo Marvel aliniambia mimi peke yangu.

Watu wote walidhani hatarudi. Vuli ilipoingia akarudi, trela ikiwa imevutwa na kijana wa kukodi aliyeiacha pale pale ilipokuwa na kwenda zake. Siku ya pili simu ya binti yake, Karla, ikaingia. Karla ni muuguzi kule Duluth, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuwageuza wagonjwa bila kuwauliza. Alisema atakuja kula naye bata mzinga Sikukuu ya Shukrani. Siku hiyo mama yake amwonyeshe jinsi anavyolimwaga tangi la choo yeye mwenyewe, safari moja, bila msaada na bila kumwaga tone. Akiweza, atabaki jangwani. Akishindwa, trela itauzwa, naye atahamia chumba cha chini ya nyumba ya Karla, chenye dirisha moja linalotazama tairi za gari.

"Nikitoka kwenye trela hii nimekufa, Bernie," Marvel aliniambia siku ile. Hakuwa mtu wa maneno makubwa, kwa hiyo nilimwamini.

Basi nikampa somo la tangi, kwa sababu mimi sina haya na mambo ya choo. Nilimwambia kosa la kila mgeni ni kununua kwa macho. Galoni moja ya maji machafu inakaribia kilo nne. Tangi kubwa likijaa ni uzito wa wanaume wawili walionenepa, na bega la Marvel ni bovu tangu zamani. Dogo, lenye magurudumu mawili, mwanamke anaweza kulivuta kwa mkono mmoja. Lakini dogo nalo lina ubaya wake: ukishavuta koki huwezi kuyaomba maji yasubiri. Kikijaa chombo chako na tangi la trela bado lina kitu, utaoga.

"Sasa wewe uko peke yako," nikamwambia. "Unakula kama ndege, unakojoa kama ndege. Nunua dogo. Unamwaga kila wiki mbili, safari moja, Karla anapiga makofi, bata mzinga analiwa."

Marvel alizungusha kofia mikononi. "Linajaa upesi."

"Nini?"

"Tangi la trela. Taa za kipimo zinapanda kama zamani. Kama alipokuwepo Orrin."

Nilicheka. Nisamehewe, nilicheka. Kila mtu kambini anajua kwamba kipimo cha tangi la choo ni mwongo kuliko mwanasiasa. Karatasi inanata ukutani, taa inasoma limejaa hata kama ndani kuna kikombe kimoja. Wazee wa hapa wanamimina mifuko ya barafu chooni na kuiendesha trela kwenye makorongo ili barafu isugue, na bado kipimo kinadanganya.

"Kipimo usikisikilize, shoga. Hesabu ni wewe mwenyewe. Mtu mmoja, tangi la mtu mmoja."

Tukaenda mjini, akanunua dogo.

* * *

Siku ya kulijaribu tulichagua asubuhi yenye upepo, kwa sababu zinazoeleweka. Marvel alivaa glavu ndefu za mpira. Nilimwonyesha jinsi ya kufunga mpira mnene kati ya trela na tangi, na pale kwenye maungio nikamwekea kiwiko, bomba fupi lililopinda, la plastiki angavu, ili aone kinachopita na ajue lini kimekuwa maji matupu.

"Vuta."

Akavuta koki. Mpira ukatetemeka kama nyoka aliyekanyagwa, na kidude chekundu cha juu ya tangi la buluu, kinachoonyesha limejaa kiasi gani, kikaanza kupanda. Kikapanda mpaka mwisho, na maji bado yanakuja kwa nguvu.

"Funga! Funga, Marvel!"

Akafunga. Tulikwenda shimoni tukamwaga, tukarudi, tukaunga tena. Likajaa mara ya pili. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na kiwiko, na ndipo nikaona punje za mahindi zikipita. Punje nzima nzima, njano, nyingi.

Marvel hali mahindi. Tumbo lake halichukui. Kwenye mlo wa pamoja wa Jumamosi huyachagua moja moja na kuyasogeza ukingoni mwa sahani. Orrin ndiye alikuwa mlaji wa mahindi. Alikula ya kopo, baridi, kwa kijiko, amesimama.

"Ni ya msimu uliopita," nikasema haraka. "Yaliganda chini. Yalikauka wakati wa joto, sasa yamelainika ndiyo yanatoka. Ndiyo maana limejaa hivi. Umeona? Kila kitu kina sababu."

Marvel aliinama. Alikuwa anakitazama kile kiwiko kwa uso ambao sikuupenda. Haukuwa uso wa mtu aliyeogopa. Niliwahi kuuona uso ule kwa wanawake wanaongoja wageni uwanja wa ndege.

* * *

Wiki mbili zilizofuata nilijiwekea kazi ya upelelezi, kwa siri. Nilisema lazima kuna mtu. Jangwa hili lina wazururaji wanaolala ndani ya magari madogo, na choo safi ni kishawishi. Kila alasiri sisi wa kambini tunakaa kwenye viti vya kukunja, kila mtu na kikombe chake, na Marvel huwa nami. Trela yake inabaki tupu wakati huo. Basi mchana mmoja nilichota mchanga laini kwenye mkondo mkavu, nikautandaza kwenye ngazi yake na mbele yake nilipoona ameshaingia kwangu kuchukua kahawa. Unga wa mikate usingekuwa laini zaidi.

Tulikaa. Jua lilikuwa kali na hakuna hata mdudu aliyelia. Kutoka pale nilikuwa naiona trela yake yote, mlango na dirisha la choo, na hakuna aliyekaribia. Mtu mmoja alikuwa anasimulia habari za gari lake na wengine tulikuwa tunajifanya tunasikiliza.

Ndipo pampu ikanguruma.

Anayeishi kwenye trela anaijua sauti ile hata akiwa usingizini. Mtu akikanyaga pedali ya choo, pampu ya maji chini ya kitanda hunguruma, grrrr, kama paka mwenye kikohozi, kisha hunyamaza. Ilinguruma ndani ya trela ya Marvel, na Marvel alikuwa ameketi kando yangu, kikombe mkononi. Yule wa gari alikatisha hadithi yake. Tulisikia wote. Ikanyamaza. Halafu, baada ya muda wa mtu kunawa mikono, ikanguruma tena kidogo, ikanyamaza kabisa.

"Pampu yako inavuja, Marvel," akasema mmoja.

"Ndiyo," Marvel akajibu. Akanywa kahawa yake.

Nilisimama. Nilimshika mkono nikamwambia twende tukaangalie huo mvujo, na nilisema kwa sauti kubwa ili wenzangu wadhani ni mvujo tu. Mchanga kwenye ngazi ulikuwa kama nilivyoutandaza, haukuwa na alama ya kitu. Tuliingia. Mlikuwa na ubaridi, wakati trela iliyofungwa mchana kule kwetu huwa tanuri. Nilichukua karatasi ya chooni kavu nikaipitisha chini ya ukingo wa choo, pale ambapo maji huvuja valvu ikiwa mbovu. Ilitoka kavu. Sinki ilikuwa na matone mapya.

Na kiti cha choo kilikuwa kimeinuliwa.

"Ni wewe umekiinua?" nikamuuliza.

"Mimi nikiinue cha nini?" Marvel akakaa kwenye kochi na kuvua kofia. "Kila nikitoka, nikirudi kiko juu. Nilipigana naye kuhusu hicho kiti tangu tulipooana, Bernie. Nililia. Nilimwandikia karatasi nikaibandika ukutani. Wala hakusikia. Bado hasikii."

"Marvel."

"Sikukuambia kwa sababu ungenicheka."

Sikucheka. Nywele za shingoni zilikuwa zimesimama, na nilitaka sana kuwa nje, kwenye jua. Mimi waume zangu wawili waliondoka wakiwa hai na hakuna aliyerudi hata kuchukua viatu, kwa hiyo mambo haya sikuwa na uzoefu nayo. Lakini nilimwangalia yule mwanamke na nikaona hana hofu hata kidogo. Alikuwa na amani.

"Ndiyo sababu ulirudi," nikasema.

"Kule Duluth nililala miezi mitano na sikusikia kitu. Nikadhani amekwisha. Siku ya kwanza hapa, nimelala, nikasikia pampu." Akafuta macho kwa kofia. "Karla akiiuza trela, ataingia mtu mwingine humu. Watamfanya nini Orrin? Wataita mchungaji amfukuze. Wataweka choo kipya."

Nikaelewa hapo kitu gani hasa kilikuwa rehani. Na nikaelewa pia tulivyojifunga wenyewe, kwa sababu tangi la buluu tulilonunua lilikuwa la mtu mmoja, na nyumba ilikuwa na watu wawili.

"Twende tukabadilishe tukachukue kubwa," nikasema. "Lenye magurudumu manne. Kuna ujanja: unalifunga kwenye pikapu kwanza likiwa tupu, ndipo unalijaza. Huinui kitu. Bega lako litabaki salama."

Alitikisa kichwa. "Karla ni muuguzi. Ataona kikongwe mmoja ana tangi la familia. Ataona linajaa. Unajua atasema nini? Atasema Mama ana kisukari. Mama ana figo. Mama amechanganyikiwa, anavuta maji mchana kutwa bila kujijua. Nitapimwa, nitafungiwa. La, Bernie. Lazima anione na dogo, na lazima litoshe."

Karla ndivyo hasa angesema, neno kwa neno.

* * *

Tulipanga hivi: siku moja kabla ya sikukuu tungemwaga kila kitu, mpaka tone la mwisho, ili Karla akifika akute tangi lina kidogo tu. Tukafanya hivyo. Tulisuuza mara tatu. Taa za kipimo zote zilizimika na Marvel akanikumbatia, jambo ambalo watu wa Minnesota hawalifanyi ovyo.

Asubuhi ya sikukuu alinigongea jua halijapanda vizuri. Alikuwa mweupe kama karatasi.

"Njoo uone."

Taa zilikuwa zimewaka. Robo, nusu, robo tatu. Nilipiga kile kipimo kwa kiganja, kama inavyofanywa, na hazikutetereka. Nikatoka nje nikagonga tumbo la tangi chini ya trela kwa kishikio cha bisibisi. Lililia sauti nzito, sauti ya kilichojaa.

"Usiku mmoja?" nikasema. "Marvel, huyu amekula nini?"

"Ni Karla." Alikuwa anakaribia kulia na wakati huo huo kucheka. "Akijua Karla anakuja tumbo humvuruga. Siku zote. Hawakuwahi kupatana, na alikuwa hawezi kumwambia, basi yote yanamwendea tumboni. Arusi ya Karla aliikosa nusu nzima, alikuwa msalani."

"Basi tumwage tena sasa hivi."

Lakini tayari vumbi lilikuwa linakuja barabarani, na mbele ya vumbi gari la kukodi jeupe. Karla hajawahi kuchelewa, tatizo lake ni kuwahi.

Marvel alilitazama lile vumbi. Kisha akageuka, akaingia kwenye trela yake, nikamsikia akifungua mlango wa choo na kuufunga nyuma yake. Nilisimama kwenye ngazi. Ukuta wa trela ni mwembamba na sikuziba masikio. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya upole, ya mtu anayemwomba mtoto jambo gumu. Maneno sikuyapata. Alisema, akanyamaza kama anayesikiliza, akasema tena. Mara ya tatu sauti ilikatika katikati.

Alipotoka hakunitazama. Ubaridi ule wa ndani ulitoka pamoja naye, ukanipita kifuani na kushuka ngazi, na mara trela ikawa na joto kama trela ya mtu yeyote. 

* * *

Karla alishuka na koti la Duluth mkononi, akamkagua mama yake kutoka juu hadi chini.

"Mama, umekonda. Bernadine, naona bado upo."

"Bado sijazikwa," nikasema. "Karibu jangwani."

"Haya, tulimalize hili kabla ya kula. Maana baada ya kula sitaki hata kulisikia. Mama, onyesha. Bernadine, tafadhali kaa mbali."

Nikakaa mbali. Marvel alivaa glavu. Alileta tangi lake dogo kwa mkono mmoja, akaunga mpira, akageuza kifungio mpaka kikashika. Alifanya vizuri, hakukosea hata kimoja. Mkono wake ulipokwenda kwenye koki mimi nilifumba macho, kwa sababu nilijua kilichomo. Nilikuwa nimeligonga tangi lile kwa mkono wangu.

Akavuta. Mpira ulitikisika kidogo, mara moja, ukatulia. Nilifumbua. Kwenye kiwiko palikuwa panapita kijito kidogo, chembamba, cha mwanamke mmoja mzee aliyekunywa kahawa. Kikawa matone. Kikakatika. Kidude chekundu hakikuinuka hata nusu.

"Ni hiyo tu?" Karla akauliza.

"Ni hiyo tu," Marvel akasema.

Alilifunga nyuma ya pikapu, akalikokota kwenda shimoni polepole, nasi tukatembea nyuma kwa miguu, akalimwaga, akasuuza, akarudi. Hakuna tone lililoanguka. Karla aliingia ndani akakagua vidonge, friji, choo. Alitoka anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Sawa. Umeshinda, Mama. Ila kipimo chako ni kibovu, kinasoma robo tatu na tangi ni tupu."

"Vipimo vyote hudanganya," nikasema.

Tulikula bata mzinga na viazi, kwenye meza ya nje. Karla alikuwa mcheshi kweli, alisimulia vituko vya wodini. Alimwekea mama yake kijiko cha mahindi, akakumbuka, akakitoa. Kesho yake aliondoka, akamwachia busu la shavuni na ruhusa ya kukaa mpaka Aprili.

* * *

Nilidhani Marvel atafurahi. Alikuwa amepata alichokipigania: trela, jangwa, msimu mzima. Lakini alasiri zilifuatana, na kiti chake cha kukunja kikabaki kimekunjwa. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye kochi, mlango wazi, mikono mapajani, anasikiliza.

Nami nikasikiliza. Nasema kweli, ile pampu iliniogofya iliponguruma, lakini kimya chake kilikuwa kibaya zaidi. Ilikuwa trela yenye kochi na jiko na picha ukutani, na humo ndani hamkuwa na mtu, hata Marvel ilikuwa kama hayumo. Joto lilikuwa limejaa mpaka kwenye mito. Kipimo kilikuwa na taa moja tu, ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu kije duniani kilikuwa kinasema kweli.

"Ulimwambia nini siku ile?" nikamuuliza.

Aligeukia mlango wa choo.

"Nilimwambia tangi ni la mtu mmoja. Nilimwambia, Orrin, nimekwisha kulinunua, hakuna nafasi yako. Aende." Midomo ilikuwa inamcheza. "Maisha yake yote hakuwahi kunisikiliza, Bernie. Kiti tu kilimshinda. Nikamwambia neno moja kama lile, na hilo ndilo alilolisikia."

Moyo uliniuma vibaya. Mimi ndiye niliyesema nunua dogo, lakini hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Sijawahi kumwomba Mungu kitu kwa ajili yangu tangu mume wa pili, na sijawahi kuwaza kwamba siku moja nitamwomba ajaze choo cha mtu. Nilimwomba pale pale, nimesimama.

Kisha nikasema, "Vaa kofia."

"Tunaenda wapi?"

"Mjini. Na tunalibeba hilo dude lako dogo."

Hakubisha. Tulilitupa nyuma ya pikapu, likawa linagongagonga njia nzima. Kwenye kibanda cha vifaa vya trela kulikuwa na muuzaji kijana ambaye hatukumkuta mara ya kwanza, kijana mwenye jua la mwaka mzima puani. Matangi ya buluu yalikuwa yamepangwa nje, madogo mbele, makubwa nyuma yameegemea uzio. Nilimwambia tunataka kubadilisha. Aliligeuza lile dogo, akaliona ni zima, halijapasuka, akashangaa.

"Hili lina kasoro gani?"

"Halitoshi," nikasema.

Akamgeukia Marvel, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamba ya tangi. "Mama, trela ni yako? Mnakaa wangapi?"

Marvel alifungua kinywa. Aliyatazama yale makubwa kule nyuma, kisha akanitazama mimi, na macho yalikuwa yanauliza kama mtu anaruhusiwa kusema jambo kama hilo mchana kweupe, mbele ya mgeni. Mimi niliendesha basi la shule kule Idaho mpaka nikastaafu. Kila asubuhi nilihesabu vichwa kabla ya kuondoa gari, na sijawahi hata siku moja kumhesabu mtoto ambaye hakuwa kwenye kiti.

"Wawili," nikamwambia kijana.

Akaenda kutuletea kubwa.